Pinamen Ishpatao na Mto Alioujua kwa Kushuka

Ndugu, jamaa na majirani wa Uapushit, na wewe Padri uliyeshuka jana na ndege: haya yatakayosomwa hapa hamtayaamini. Atakayeamini na asikilize. Asiyeamini na aende ukumbini, supu ya kulungu iko motoni, lakini asije akasema hakuambiwa. Huu ni wasifu wa mwanamke aliyekwenda kutafuta kaburi moja dogo katika nchi yenye maziwa mengi kuliko watu, tena baada ya moto kupita, akalipata. Umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, Sylvestre, ambaye alikuwepo, tena mbele ya mtumbwi, pale anapowekwa mtu mwenye mikono.

Marehemu Pinamen, aliyebatizwa Philomène, alizaliwa tarehe 14 Novemba 1938, hemani, kwenye kambi ya majira ya baridi ya baba yake, Mzee Mathias Wapistan, kwenye Mto Mashku, ule wa jirani zetu wa upande wa machweo. Mama yake, Shanut, alikuwa akisema kwamba mtoto alipolia mara ya kwanza, mbwa wote kambini walinyamaza. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba. Sylvestre ni wa saba, na marehemu hakuchoka kumkumbusha: "Wewe ni ukoko wa sufuria." Aliyewahi kula ukoko anajua kwamba utamu wote uko huko.

Darasani hakukaa. Padri alipokuja pwani kiangazi alimfundisha kusoma sala na kuandika jina lake kwa lugha yetu. Yaliyobaki alifundishwa na mama: kusuka nyuzi za ngozi kwenye viatu vya theluji, kutandika matawi ya msonobari hemani yasimchome mtu mgongo, kujua kwa mlio wake kama barafu inakutaka au haikutaki. Watoto wadogo walipoanza kukusanywa na kupelekwa shule ya bweni, yeye alikwisha kuwa mkubwa. Aliyechukuliwa ni Sylvestre, akarudi baada ya miaka mitatu akiwa anajua kuandika na hajui kutega. Dada yake alimtazama akihangaika na kitanzi cha sungura, akamwambia, "Mwandikie barua, labda atakuja." Kisha akapiga magoti kwenye theluji, akamwonyesha, na hakumcheka tena mpaka kesho yake.

Tarehe 2 Julai 1957, Padri alifungisha ndoa yake na Etienne Kaltush, mwindaji, mtu wa maneno machache. Vuli ya mwaka uliofuata waliondoka pwani pamoja na mama yake Etienne, Bibi Agathe. Walipanda kwa Mto Mashku, kwa sababu ni mpana na mpole, na mwanamke alikuwa na mimba. Mtoto alizaliwa njiani tarehe 9 Oktoba 1958, wa kiume, wakamwita Shushep. Theluji ilipokaa sawasawa walivuka kwa sleji juu ya mgongo wa nchi, pale maji yanapogawana, wakashuka upande wa pili hadi maziwa ya chanzo cha mto wetu huu, Mto Uapush. Huko ndiko walikopiga hema la baridi.

Shushep alishikwa na homa ya kifua. Alifariki tarehe 21 Februari 1959. Ardhi ilikuwa jiwe. Etienne aliwasha moto juu ya tuta la mchanga, lile tuta refu linaloingia ziwani kama ulimi, akaulisha kuni mchana kutwa mpaka mchanga ukalegea. Wakamlaza humo, wakasimamisha msalaba wa mti. Barafu ilipovunjika, Bibi Agathe aliingia majini mpaka magotini, akatoa mawe meusi ya mviringo, akayapanga kulizunguka kaburi.

Mwezi wa sita wakaanza kushuka kwa Mto Uapush kwenda baharini, kama watu wote walivyokuwa wakishuka wakati ule. Pinamen alikaa katikati ya mtumbwi, rozari mkononi, akilia. Nyuma yake alikaa mama mkwe. Bibi Agathe hakumbembeleza. Alimgonga mgongoni kwa kidole.

"Usiangalie nyuma, mwanangu. Angalia ninachokutajia. Iko siku utataka kurudi huku, na mimi sitakuwapo. Shika punje moja. Hapa panaitwa Mzee Aligoma. Umeshika?"

"Nimeshika, mama."

"Shika nyingine. Hapa ni Birika Lilizama. Waliokuwemo waliokoka wote, birika tu halikuokoka. Usicheke, ni birika la mama yangu."

Hivyo ndivyo marehemu alivyopewa mto: jina kwa punje, kutoka maziwani hadi baharini. Mawe yaliyoziba njia, maporomoko, mapito ya kubebea mitumbwi msituni, mchanga unaolia ukikanyagwa. Kila jioni alisali rozari mbili, moja ya Bikira Maria na moja ya mto. Watoto wake walizikuta zote mbili, na mpaka leo hawajui ipi inaanzia wapi.

Mungu hakumwachia Etienne kwa muda mrefu. Alifariki mwaka 1961 katika hospitali ya wagonjwa wa kifua, mbali kusini, akazikwa hukohuko. Bibi Agathe alifuata mwaka 1970. Wakati huo nyumba za mbao zilikuwa zimejengwa hapa mlangoni mwa mto, kengele ya shule inalia, na hakuna tena familia iliyopanda Mto Uapush mpaka juu. Wawindaji walikwenda kwa ndege, kwingine. Mapito yakaota miti. Mtu akiutaja mto, alikuwa na maana ya kipande cha chini chenye samoni, mpaka poromoko la kwanza, pale injini ya mashua inapokomea. Ya juu yake yakawa hadithi.

Tarehe 11 Agosti 1964 marehemu aliolewa na Damien Ishpatao, mvuvi, mtu wa maji ya chumvi, anayekaa hapo mbele na kofia mapajani. Walijaliwa watoto watatu: Shanut, Mathias na Pelashe. Kazi yake ilikuwa viatu vya theluji. Nusu ya watu mlioko hapa mmetembea juu ya mikono yake. Alifanya kazi hiyo miaka arobaini na zaidi, na aliyemletea ngozi mbaya alirudishwa nayo mlangoni. "Ngozi hii imepasuka na wewe bado hujakanyaga theluji," alikuwa akiwaambia.

Kiangazi cha mwaka 1991, moto ulikula msitu wote wa juu. Moshi ulifika hapa baharini, jua likawa jekundu kama yai la samoni. Marubani walisema kule chanzoni hakukusimama mti. Marehemu alisikiliza redio, akazima jiko, akavaa koti, akatoka kwenda kumtafuta mdogo wake.

"Sylvestre, mtumbwi wako unavuja?"

"Unavuja kidogo, dada."

"Uzibe. Mwakani tunapanda."

Hapa ndipo maneno yalipoanza kijijini. Walisema msalaba umeungua, alama zilizochongwa kwenye miti zimeungua, na mwenye kuijua njia yuko makaburini. Kaka mmoja mwenye helikopta, mtu mwema sana, alijitolea kumpeleka bure. Marehemu alimshukuru, akamkalisha, akamnywesha chai, akamuuliza, "Utanishusha wapi?"

"Popote utakaponionyesha, mama."

"Basi hutanishusha. Ziwa lile nalijua kwa maji, silijui kwa mawingu."

Na kweli, ambaye amepita juu ya nchi ile anajua: ni maziwa, tena maziwa, kama ngozi iliyoliwa na nondo. Wengine walimshauri apite kwa Mto Mashku kama mara ya kwanza. Aliwajibu kwamba njia ile ni ya theluji. Kiangazi pale juu ni kinamasi kinachomeza kulungu na pembe zake. Mbele ya duka, mzee mmoja ambaye hatatajwa, na ambaye anajua kwamba hatajwi, alimpigia kelele, "Pinamen! Unakwenda kutafuta majivu?"

"Nakwenda kumtafuta mwanangu. Majivu nitayapita njiani."

Waliondoka tarehe 3 Agosti 1992, watatu: marehemu katikati, Damien nyuma, Sylvestre mbele. Watu walishangaa kumwona Damien. Mtoto hakuwa wake, mto hakuujua. Alipoulizwa, alisema, "Huyu mwanamke anamtaja kila jioni kwenye sala. Nimeishi na huyo mtoto miaka ishirini na minane. Si vibaya nikaenda kumsalimia."

Injini iliwafikisha kwenye poromoko la kwanza. Kuanzia pale ni kamba, upondo na mkanda wa kipajini wa kubebea mizigo. Mto Uapush si wa mchezo: unapasua mlima, unajificha ndani ya korongo jeusi, unatoka juu ya uwanda, unalala kama kidimbwi, halafu unaamka ghafla. Visubi walikuwa wengi hata chai ilikuwa na nyama. Sylvestre alibeba mtumbwi, akabeba unga, akabeba hema, na kama kungekuwa na kanisa angelibeba.

Marehemu alikuwa na taabu ya peke yake. Mto alipewa kwa kushuka, sasa anapanda. Ilimbidi aanze rozari mkiani, kama mtu anayesoma Baba Yetu kuanzia Amina. Jioni alikaa pembeni ya moto, anashuka kwa moyo kutoka maziwani mpaka pale walipo, ndipo anajua kesho watakutana na nini. Na kesho yake wanakikuta. Walikuta Birika Lilizama. Walikuta Mchanga Unalia, na ulilia. Damien akaanza kumwita mkewe "Kapteni", kwa mzaha, halafu si kwa mzaha.

Kisha wakafika mahali ambapo mto ni miwili.

Mkono mmoja unatoka kushoto, mwingine kulia, inakutana chini ya msitu ulioungua. Damien alishikilia kasia. Pinamen akashika rozari. Hakuna punje. Alirudi nyuma, akaenda mbele: kabla ya hapo kuna jina, baada ya hapo kuna jina, na katikati hakuna kitu. Ndipo alipoelewa. Anayeshuka mto haulizwi njia; maji ya pembeni yanakuja yenyewe, mtu anapita, wala haoni kwamba pale palikuwa na uamuzi. Bibi Agathe hakuwa na sababu ya kupataja. Ni anayepanda tu ndiye anayeulizwa.

Kwa kawaida yetu, anayekaa nyuma ndiye anayeongoza, na majini hapingwi. Damien alitazama: mkono wa kushoto una maji mengi. Akaingia kushoto. Wa katikati alinyamaza. Wa mbele alinyamaza. Walisukuma upondo siku nzima, wakapiga hema, wakasukuma tena, na kila mmoja alikuwa na heshima mpaka misuli ikauma. Watu wengine wangegombana wakamaliza mapema. Sisi tunaweza kupotea kwa adabu mpaka bahari ya upande wa kaskazini.

Siku ya pili, marehemu alisema bila kugeuka, "Mume wangu, naomba ugeuze mtumbwi."

"Umechoka? Unataka turudi nyumbani?"

"Sitaki kurudi. Nataka kushuka kidogo."

Sylvestre alitua upondo wake. "Dada, watu wanapanda mto ili wafike. Wewe unapanda ili ushuke?"

"Mto huu mimi naujua uso. Nyinyi mnanipitisha kisogoni, kila mtu kwa kisogo anafanana na mwenzake. Geuza."

Damien akageuza. Wakaacha maji yawachukue. Marehemu alinyoosha mgongo kama msichana wa miaka ishirini, akatazama kila kona inavyofunguka. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa jabali jekundu. "Hapa sijapita," alisema. "Jabali hili ningelikumbuka hata kwa machozi." Damien aliwashusha mpaka njiapanda, akaingia mkono wa kulia.

Mkono wa kulia ulikuwa maskini wa mto. Maji machache, mawe mengi, vichaka vimeshikana mikono juu. Walivuta mtumbwi kwa kamba, wakiwa majini mpaka kiunoni, wakapita kona ya kwanza, ya pili, mpaka palipofunguka kidogo. Wakala mkate wa kikaangoni, wakageuza, wakaanza kushuka. Sylvestre alitaka kusema kwamba hii ni safari ya wendawazimu, lakini alikuwa na mkate mdomoni.

Wakatoka kwenye kona. Mbele yao kulikuwa na kilima. Moto ulikuwa umekivua nguo zote. Hakuna mti, hakuna jani, jiwe tupu la kijivu. Na jiwe lile lilikuwa limelala, mgongo umeinuka, kichwa chini, masikio mawili marefu yamelazwa nyuma.

Mnajua kwamba Uapush ni sungura. Sote tulizaliwa tukiambiwa mto unaitwa hivyo kwa sababu ya sungura wanaotegwa hapa pwani. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona mwenyewe, kwa sababu anayepanda hamwoni. Anaonekana kwa anayeshuka tu, na wa kushuka kutoka kule walikwisha.

Pinamen alikuwa ameshika punje.

"Sungura Amelala," alisema. "Bibi alisema, 'Hapa ni Sungura Amelala,' nami nikadhani ni mahali pa kutega. Sikuinua macho vizuri. Nilikuwa nalia. Nilikiona kwa pembeni tu, kijani. Ni hapa, Damien. Ni hapa."

Damien alivua kofia. Akasema, "Kumbe miaka yote hii nakaa nyuma kukukinga na upepo tu."

Moto uleule tuliosema umefuta njia ndio uliomfunua sungura. Msitu ungekuwa umesimama, angepita tena bila kumwona.

Baada ya hapo hakuna aliyembishia. Punje ziliwapandisha ziwa baada ya ziwa, mpaka tarehe 19 Agosti, mchana, walipoliona tuta la mchanga linaloingia majini. Msalaba haukuwepo. Miti haikuwepo. Lakini ardhi ikiungua kwetu, mwaka wa pili huzaa vitunda vya buluu, na tuta lote lilikuwa la buluu. Marehemu alivua viatu. Alitembea polepole, akipapasa kwa nyayo chini ya majani, kama mama anayetafuta mtoto kitandani bila kutaka kumwamsha. Akasimama. Akachuchumaa, akapekua majani kwa mikono miwili. Mawe meusi, ya mviringo, yamepangwa. Hata moja halikuwa limehama.

"Shushep," alisema, "mama amechelewa. Njia ilikuwa na watu wabishi."

Alikaa pale mpaka jua likaondoka, akila vitunda, akimpa habari zote: baba yake yuko wapi, bibi yake yuko wapi, ndugu zake watatu wanaitwa nani, Shanut ana mume mvivu lakini anapika. Wanaume wawili walichonga msalaba kwa mbali na kujifanya hawasikii. Kisha akamwita Damien. "Njoo. Ulisema unakuja kumsalimia." Damien akaja, akapiga magoti, akasema habari za asubuhi, ingawa ilikuwa jioni, na wote wakacheka, na mwenye kaburi nadhani naye alicheka.

Tangu mwaka ule, kila Agosti familia hupanda, na wengine walijiunga. Mapito yako wazi, na watoto wa kijiji hiki wanaujua mto pande zote mbili, uso na kisogo. Hiyo ni kazi yake. Mzee wa mbele ya duka amekwenda mara mbili.

Miguu ilianza kumsumbua mwaka 2009, kisha moyo. Alipanda mara ya mwisho mwaka 2011, akiwa amekalishwa katikati na kufunikwa blanketi, akitoa amri. Mwezi wa kwanza mwaka huu alipelekwa hospitali ya mjini. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Februari 2014, akiwa na miaka sabini na mitano, binti zake wakiwa wamemshika mikono, mmoja huku, mmoja huku. Aliomba alazwe hapa mlangoni mwa mto, kichwa kikielekea juu, na kiganja cha mchanga wa lile tuta kifuani. Kipo.

Ameacha mume, Damien; watoto, Shanut, Mathias na Pelashe; wajukuu tisa, vitukuu wanne, na mmoja yuko njiani; na mdogo wake, Sylvestre. Wametangulia wazazi wake, ndugu watano, Etienne, Bibi Agathe na Shushep. Maji yamchukue polepole, kona zote zifunguke mbele yake, naye atulie kwa amani.

Wasifu huu marehemu aliusikia. Aliutaka mwenyewe, Jumatano ile kabla hajatuacha, kwa sababu alisema anamjua mwandishi. Alisomewa kitandani, macho yamefumbwa, hasemi kitu, hata pale penye visubi. Wakati huo uliendelea mbele zaidi kuliko hapa; ulikuwa na habari ya kurudi, na msomaji alifika panaposema kwamba kwenye lile pito refu la korongo jeusi, dada akiwa hoi kwa uchovu na huzuni, mdogo wake Sylvestre alimbeba mgongoni, yeye na mtumbwi na bunduki, akapanda naye jabali kwa mkono mmoja huku mkono wa pili—

"Sylvestre." Jicho moja lilifunguka. "Nani alimbeba nani?"

Binti zake waliinamisha vichwa. Damien alitazama dirishani.

"Mguu wako ulivimba kama mkate, ukalia ukimwita mama. Nikakubeba. Andika hivyo," alisema, akafumba jicho. "Wala hukuwa mzito. Mzigo wangu nilikuwa nimeshautua kule juu."